Mvua ya Upande wa Kushoto

Sikio langu la kushoto ni kama halipo. Linasikia kelele kubwa tu, na hata hiyo linaisikia kama inatoka nyumba ya pili. Nimeandika makala nyingi kuhusu ukweli na uongo, na katika zote sikuwahi kuandika sentensi hizo mbili.

Ni ugonjwa wa utotoni. Ulipita, ukachukua sikio, ukaniachia mengine yote. Baadaye watu walipoanza kushuku, nilikana. Nilikana mbele ya mama yangu mzazi. Nilikana mbele ya mwanamume aliyetaka kunioa, ambaye hakuelewa kwa nini kila tulipotoka kutembea nilimzunguka mpaka awe kuliani kwangu. Alidhani ni mila ya kwetu, akaiheshimu. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu waligundua kwamba wanaokaa upande wa dirisha wanaweza kupiga soga nisiwakemee, wakawa wanagombea viti vya dirishani. Mimi nilisema sina tatizo la kusikia. Nilisema nina tatizo na watu wasiojua kufungua midomo.

Aliyenifanya nichoke kukana ni jirani yangu wa hapa mtaani Ngagara. Sitamtaja jina. Angefurahi mno.

Alikuwa mtu wa vitambaa. Duka lilikuwa mjini, la baba yake kabla yake, mojawapo ya yale maduka ya kina Mwarabu ambayo mama zetu walikwenda kila palipokuwa na harusi. Nilipohamia nyumba ya pili yake, duka lilikuwa tayari mikononi mwa wapwa zake, naye amebaki nyumbani na mapenzi yake mengine: spika. Sisi hapa tunaziita bafle. Jirani alikuwa na mbili mbele, moja chini ya televisheni, mbili nyuma ya watazamaji, na baadaye sabufa, lile boksi linalonguruma. Sebule yenyewe ilikuwa ya nyumba ya Ngagara, yaani mtu akinyoosha miguu anagusa mlango.

Hakuwa fundi, wala hakuwa mnyenyekevu. Waya alizifunga kwa vipande vya utepe wa kushonea, na alikosea mara nyingi kwa sauti ya mtu asiyekosea. Alikuwa na nadharia kwamba kitambaa kinachofunika spika kutoka kiwandani kinaikaba koo. Kwa hiyo kila spika iliyoingia nyumbani mwake ilivuliwa nguo siku hiyohiyo na kuvishwa nyingine, iliyochaguliwa kwa vidole. Alisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akakipulizia.

"Pumuzi inapita," alisema. "Kama pumuzi inapita, sauti inapita."

Mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini kuna wakati alizivisha zote mahameli nyekundu, masalio ya harusi fulani, na kwa muda mrefu kila mtu katika televisheni ile, watangazaji, wachezaji wa sinema, hata wachambuzi wa mpira, alisema kama ana ugali mdomoni. Tulilalamika. Yeye alishikilia kwamba hiyo ndiyo sauti ya watu wenye heshima. Mahameli iliondoka siku mke wake alipohitaji kutengeneza mito.

Mke wake ndiye aliyekuwa mwalimu wake, ingawa hakuna kati yao aliyelikubali hilo. Mwanzoni jirani alikuwa na spika mbili tu, kubwa, za mbao, alizonunua kwa mzungu wa shirika aliyemaliza mkataba na kuuza kila kitu mpaka masufuria. Alizipenda kwa ajili ya milipuko ya sinema. Siku moja tuko tunatazama, mke wake akaweka chini sinia la sambusa, akasimama mbele ya televisheni.

"Mi nina swali," alisema. "Hawa watu wakipigana nasikia bien. Wakipendana sisikie kitu. Ni juu ya nini?"

Tukacheka. Jirani hakucheka. Alitazama televisheni, akatazama spika ya kulia, ya kushoto, na ule uwazi katikati. Siku kadhaa baadaye akaja na spika ya kati, ndefu na nyembamba kama mkate, akaiweka chini ya televisheni na kutangaza, kana kwamba amelivumbua yeye, kwamba nyumba inaanza na sauti ya mtu na ngurumo ni baadaye. Tangu hapo kila aliyemwomba ushauri alimwambia hivyo hivyo: pesa ya kwanza weka katikati, kwenye maneno. Vijana walikuja wakitaka sabufa, naye akawafukuza.

"Unataka kutikisa mabati ya watu na bado hujui wanasema nini mu filimu? Enda. Nunua ya kati, halafu urudi."

Wakati huo yeye mwenyewe hakuwa na sabufa, na alitoa hotuba ndefu za kuipinga. Besi, alisema, inaharibu mmeng'enyo wa chakula, inapasua saruji, na inawafanya kuku wa majirani wasitage. Halafu akaipata moja kwa bei ya bure, na kuku hawakutajwa tena.

Kuipatia sabufa mahali kulizaa kisa ambacho Ngagara bado inakisimulia. Aliambiwa na mtu, au alisoma mahali, kwamba lile boksi ukiliweka kwenye kiti unachokalia, kisha wewe ukatambaa chumba kizima, utakaposikia mngurumo umetulia ndipo pa kuliweka. Akaliweka juu ya kochi, akafungulia, akapiga magoti. Mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya darizi, anatambaa kwa mikono na magoti kandokando ya ukuta, sikio chini, makalio juu. Wakati huohuo akaingia jirani wetu wa mbele, mstaafu wa forodha, mtu wa kutaharuki haraka.

"Jamani! Mzee ameanguka! Muite taksi!"

"Nyamaza, we," sauti ikatoka chini ya meza. "Natafuta mungurumo."

Sabufa ilikaa kando ya kabati la vyombo, na tangu siku hiyo vikombe vya mke wake viliimba katika kila sinema ya vita. Mke wake alifunga vikombe kwa taulo. Jirani alisifu taulo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikuwa mtu wa spika, lakini alichukia kelele. Baa ya mtaa wa pili ilipozidi alikwenda mwenyewe, na badala ya kumwambia mwenye baa apunguze, alimwambia spika zake zimetazama ukuta na kwa hiyo anawaimbia matofali. Alipenda sinema na hakuwahi kuitazama moja mpaka mwisho. Alitazama kipande, akakirudisha, akakirudisha tena, akasinzia. Adhana ikisikika alizima kila kitu hata kama jambazi ameinua kisu, na akirudi kutoka msikitini hakukumbuka tena kisu kilikuwa cha nani. Umeme ulipokatika, na hukatika, alibaki ameketi mbele ya kioo cheusi akiwa na telekomandi mkononi, akisema, "Umuriro umeenda, lakini chai iko." Ndipo tulipozungumza vizuri zaidi. Ninaikumbuka sana ile chai ya tangawizi, na ule ukimya wa ampli, ile mashine ya kuendesha spika, iliyozimika, na mke wake akisema kutoka jikoni kwamba sasa angalau nyumba ni yake.

Kile alichokirudisha mara nyingi kuliko vyote kilikuwa kipande cha mvua, katika filamu ya Kihindi ambayo hadithi yake sikuijua kamwe. Mwanamke amesimama uani, mvua inaanza: matone machache mbele, kisha yanafika pembeni, kisha nyuma, mpaka chumba kizima kinanyesha. Jirani alisema spika za nyuma ziliumbwa kwa ajili ya mvua. Kipande hicho kilikuwa mtihani wa kila badiliko: waya mpya, ampli mpya, spika ya nyuma iliyopanda ukutani kiasi cha ngumi moja. Watu waliokaa pale waliinua mabega bila kujua, kama wanaolowa. Mstaafu wa forodha aliwahi kushika kichwa kuhakikisha ni kikavu.

Mimi nililowa upande mmoja.

Hapa niueleze mtindo wake wa kupanga spika, maana wengine hutumia futi kamba, na yeye alitumia mimi. Katikati ya sebule, mbali na kila ukuta, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili asingeweka kiti kwa sababu hakuna anayeweza kupita, palikuwa na kiti cha mbao chenye mto. Aliyekaa pale alikuwa "sikio." Jirani hakuweza kuwa sikio mwenyewe kwa sababu alilazimika kusogeza spika. Mke wake alikataa kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Akaniteua mimi, kwa sababu nilikaa nyumba ya pili na kwa sababu, alivyosema, mtu wa vitabu anajua kunyamaza.

"Madamu, fumba macho," aliamuru. Kisha aliizunguka sebule taratibu, bila viatu, akisema maneno yoyote, majina ya vitambaa mara nyingi: poplini, shifoni, hariri, jorijeti. Nami nilitakiwa kunyoosha kidole aliko. Alisema lazima kwanza alijue sikio kabla ya kuliamini na spika.

Alipokuwa kuliani nilikuwa hodari. Alipopita kushoto, poplini ilizama majini. Lakini jirani alikuwa mtu wa udi. Kanzu zake zilifukizwa kila asubuhi, na alipopita karibu hewa ilibadilika. Kwa hiyo nilinusa. Mwanamke mwenye shahada mbili za fasihi, amefumba macho katikati ya sebule ya mtu, ananusa kama mbwa wa polisi, kisha ananyoosha kidole kushoto kwa uhakika mkubwa. Kadiri nilivyojua, sikukosea hata mara moja, na nilijiona mjanja.

Spika ilikuwa jambo jingine. Spika hainuki. Alipofungulia mvua na kuuliza kama za nyuma zinalingana, nilijibu kwa uaminifu kadiri nilivyoweza:

"Ya kushoto iko chini kidogo, Mzee."

Akaipandisha. "Sasa?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

"Bado."

Akaendelea kuipandisha, hatua kwa hatua, bila kuuliza swali. Halafu, kutoka mahali ambapo tangu utoto wangu palikuwa na ukuta, mvua ikaja. Kwanza tone, kisha matone, kisha yote. Ilininyeshea pande zote mbili. Sikuwa nimejua kwamba mvua ina upana. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyekaa kimya anaweza kuwa ndani ya kitu, badala ya kuwa pembeni yake. Nikaomba maji ya kunywa, na mke wake alipoyaleta, nikayashika tu.

"Hapo," nikasema. "Hapo, Mzee. Usiguse."

Hakugusa tena. Kwa miaka yote iliyofuata spika ile ya nyuma kushoto ilibaki juu, na wageni wote waliokaa upande ule waliteseka.

"Hii inanipigia kelele mu sikio!" mstaafu wa forodha alilalamika. "Mzee, hii bafle iko na hasira na miye."

"Madamu amesema iko sawa," jirani alijibu. "Madamu amesoma."

Hakuna aliyeuliza nimesomea nini. Mstaafu alihamia kiti cha mlangoni, nami nikaendelea kukaa katikati ya chumba, katika mvua yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, kwa udhuru wa kumsaidia mzee na spika. Nikiulizwa nilisema mimi si mtu wa sinema. Nilisema naenda kwa sababu ya chai.

Mke wake alipofariki, jirani alifunga spika zote kwa shuka. Siku za matanga zilipita, na nyingine baada yake, na shuka zilibaki. Nilikwenda kumsalimu jioni, tukanywa chai ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuipika. Siku moja nilimkuta ameondoa shuka moja tu, ya spika ya kati. Alikuwa akisikiliza habari.

"Watu wanasema maneno," aliniambia, kama anayeeleza kosa. "Alipenda asikie maneno."

Mvua hakuifungulia tena. Sikumwomba. Mtu hamwombi mfiwa amfungulie mvua.

Kisha binti yake, anayekaa Kibenga karibu na ziwa, akaamua baba asikae peke yake. Alikuwa na haki. Nyumba yake ni kubwa, viboko hutoka majini na kula majani ya uzio, na kuna chumba kizima kwa ajili ya televisheni. Alikuja na gari na mumewe kumchukua mzee, nami nikaenda kuaga.

Nilimkuta jirani sakafuni akikunja waya. Kuta zilikuwa na madoa meupe pale spika zilipokuwa zimeuficha ukuta usione jua. Kile kiti cha mbao kilikuwa kimeshapelekwa mlangoni, juu yake kuna maboksi.

"Baba, acha hizo," binti yake alisema. "Tumekununulia mpya, sita zote za namna moja. Hizi hata hazifanani."

"Hata watoto wangu hawafanani," alisema jirani, akaendelea kukunja.

"Sawa, beba. Lakini ampli tutatumia ile mupya." Binti akanigeukia mimi, kwa wema. "Dada, iko ajabu. Inakuja na kamikro kadogo ka kusikiliza. Unakaweka katikati ya chumba, inapiga sauti, inapima yenyewe, inalinganisha bafle zote. Apana kukalisha tena mutu kwa kiti na kumwuliza, unasikia, husikie. Tumekupumzisha!"

Nikasema ni jambo zuri sana. Nikasema maendeleo. Nina uzoefu mkubwa wa kusema mambo ya namna hiyo nikiwa nimesimama wima.

Kibenga si mbali. Ningeweza kwenda kumsalimu Ijumaa yoyote. Lakini nilikuwa nimeelewa vizuri alichosema binti: kamikro kangelinganisha spika zote kwa ajili ya sikio zima, masikio mazima mawili, kama ya watu. Chumba pekee katika mji huu ambamo nilisikia pande mbili kilikuwa kinakunjwa mbele yangu na kufungwa kwa utepe wa kushonea, na ili nikizuie ningelazimika kusema neno ambalo sijawahi kulisema. Nilifungua mdomo.

"Madamu," jirani akaniwahi, bado yuko sakafuni, "unataka nikuachie moja? Chagua."

Ningechagua nini? Moja haina maana.

"Mimi mtu wa vitabu, Mzee," nikasema.

Akanitazama muda kidogo. Kisha akaomba mkono wa kumwinua, nikampa, na kanzu yake ilinuka udi kama siku zote.

Nyumba ikapata wapangaji, watu wakimya wenye redio moja. Kiangazi kikaja. Ngagara ikawa vumbi tupu, na jioni nilikaa kibarazani nikisahihisha insha za wanafunzi, kulia kwangu mtaa mzima na kushoto hakuna kitu. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kuomboleza kisanduku cha mbao kilichokuwa nyuma ya bega lake. Nilijiambia kwa ufasaha, kwa mifano. Sikujishawishi.

Simu ikalia Jumamosi mchana. Niliipeleka sikio la kulia, kama kawaida.

"Madamu. Hiki kimashine ni kijinga."

"Shikamoo, Mzee. Kimefanya nini?"

"Marahaba. Kimepima. Kimesema bafle ya nyuma, ya kushoto, iko juu sana. Kimeishusha."

"Labda kiko sahihi, Mzee."

"Kiko sahihi kwa nani? Mi nimeirudisha palepale. Mutoto anapiga kelele, bwana yake anapiga kelele, mi nimewaambia waache, iko na mwenyewe."

Kisha akasema polepole, bila ukali:

"Unakumbuka siku nilivaa kanzu mupya? Ilikuwa haijafukizwa. Nilisimama nyuma yako ku mukono wa kushoto, nakuita kabisa: Madamu, Madamu. Weye ukanionyesha kidole jikoni."

"Mzee... ulijua tangu siku hiyo?"

"Mbele ya hiyo, zamani. Mi nimeuza vitambaa maisha yangu yote, najua mutu anageuzia muuzaji sikio gani akitaka kusikia bei. Na mutu ananusa hivyo, kwani bafle inapikwa?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mpangaji wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua, na nikiwa bado nacheka niligundua kwamba uso wangu umelowa.

"Ngoja," alisema jirani. "Usikate."

Nikasikia kanzu ikipita, mlango, sauti ya binti ikiuliza nani ameweka tena kiti katikati ya njia, sauti ya jirani ikimjibu akizunguke. Kisha kimya. Kisha, ndani ya simu, mbali sana, tone, na lingine, na mwanamke akasimama uani mwake.

"Unasikia?" aliuliza.

Maisha yangu yote swali hilo nimelijibu kabla halijaisha. Safari hii nilichelewa.

"Upande mmoja tu, Mzee," nikasema. "Sikio la kushoto halisikii."

"Simu iko na bafle moja tu," alisema. "Kuja."